Waimbaji Tunaowapenda, na Kinachoifanya Sauti Kuwa Kuu

Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa hekalu, Mombasa, usiku wa maadhimisho



Kamati ilipotutaka tuzungumze katika usiku huu wa kuadhimisha miaka 75 ya hekalu letu, tulidhani tutaulizwa habari za ujenzi, hesabu na wafadhili, kwani hayo ndiyo tuliyoyazoea sisi wafanyabiashara. Badala yake tukaombwa tuzungumzie waimbaji tunaowapenda na kueleza ni kitu gani kinachoifanya sauti ya mwanadamu kuwa kuu. Tulicheka kwanza. Sisi si wanamuziki. Elimu yetu ilikomea kidato cha nne, na tangu siku ile tumesimama nyuma ya kaunta, tukiuza misumari, rangi na mabati. Lakini tulipolala na kulitafakari jambo hilo tuliona kwamba tuna la kusema, tena tuna deni la kulipa. Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa juu ya duka, na ilikuwa na redio moja tu. Kila Jumatano jioni baba yetu aliisogeza dirishani akatafuta masafa mafupi ya Radio Ceylon, kwa sababu tangu mwaka 1952 Ameen Sayani alikuwa akikitangaza kipindi cha nyimbo za filamu kiitwacho Binaca Geetmala. Kule kulikuwa usiku tayari. Kwetu jua lilikuwa halijachwa. Sauti ilikuja na kuondoka kama wimbi la bahari, na wateja walingoja misumari yao huku nao wakisikiliza. Wimbo ulipokwisha tulisikia adhana ya magharibi kutoka msikitini, na mara baada yake kengele ya arati kutoka hapa. Jumapili karani jirani yetu, Mkristo wa kutoka Taita, alifungua santuri zake za Jim Reeves tangu asubuhi. Na kukiwa na harusi mtaani, taarab ilitukesha hadi alfajiri. Basi masikio yetu hayakulelewa na muziki wa aina moja. Yalilelewa na mtaa huu.

Tuanze na Lata Mangeshkar, ambaye bila shaka mlimtarajia. Alizaliwa Indore mwaka 1929, akafariki Mumbai mwezi wa Februari 2022. Baba yake, Deenanath, alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa jukwaani. Alifariki mwaka 1942, na Lata, akiwa na umri wa miaka 12 tu, akabeba mzigo wa mama na wadogo zake. Alipokwenda kutafuta kazi ya kuimba, mtayarishaji mmoja wa filamu alimkataa kwa kuwa sauti yake ilikuwa nyembamba mno. Nyakati zile watu walipenda sauti nzito za kike. Mwigizaji Dilip Kumar naye alitia shaka iwapo msichana wa Kimarathi angeweza kuyatamka vyema maneno ya Kiurdu. Lata hakununa wala hakujibizana. Alitafuta mwalimu akajifunza Kiurdu mpaka matamshi yake yakawa kigezo kwa wengine. Mwaka 1949 ulipotoka wimbo wake katika filamu ya Mahal, jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Liliandikwa jina la mhusika wa filamu, Kamini. Wasikilizaji ndio waliotaka kujua ni nani huyu aimbaye. Sauti ile iliyokataliwa kwa wembamba ikaja kuwa sauti ya kina mama wote wa India, na ya mama zetu hapa Mombasa walipokuwa wakipepeta mchele.

Funzo tulilolipata kwake ni hili: jambo la kwanza katika sauti kuu ni heshima kwa neno. Mwimbaji asiyelitamka neno sawasawa ni kama muuzaji apimaye kwa mizani mbovu. Kelele yake inaweza kuwa kubwa, lakini mteja hakupata haki yake.

Wa pili ni Mohammed Rafi, aliyezaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Kotla Sultan Singh, Punjab. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alimfuata nyuma fakiri aliyepita kijijini akiimba na kuomba, naye Rafi akaziiga nyimbo zake. Tunalipenda sana simulizi hilo, kwa kuwa sauti iliyokuja kuimbia mamilioni ilipata somo lake la kwanza kwa mwombaji wa njiani, mtu ambaye pengine wengine walimfungia mlango.

Mwaka 1952 ilitoka filamu ya Baiju Bawra, na ndani yake mna bhajani ya kumlilia Hari ambayo huimbwa hata katika hekalu hili. Maneno yake yaliandikwa na Shakeel Badayuni, muziki ukatungwa na Naushad, na aliyeimba ni Rafi. Wote watatu walikuwa Waislamu. Tumeikalia bhajani hiyo miaka mingi tukifumba macho na kutokwa na machozi, na hakuna aliyewahi kuuliza machozi yale yametoka katika dini gani. Jirani zetu mlioketi hapa usiku huu, jueni kwamba sehemu ya ibada yetu tumeipokea kutoka mikononi mwa ndugu zenu, nasi tunashukuru.

Mkopo huo haukuwa wa upande mmoja. Hapa Mombasa alikuwako Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014. Yeye alizichukua tuni za nyimbo za filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, mengi yao yakiwa ya ndugu yake wa ukoo, malenga Ahmad Nassir Juma Bhalo. Katika taarab ile zilisikika tabla, na tashkota ambayo sisi Wahindi huifahamu kwa jina la bulbul tarang. Usiku wa harusi mama yetu alisimama kwenye roshani akiufuatisha wimbo kwa maneno ya Kihindi, na chini yake mama wa nyumba ya pili akiufuatisha wimbo ule ule kwa maneno ya Kimvita. Walikuwa hawaonani, na tuni ilikuwa moja. Wafanyabiashara wa asili yetu nao walikuwa na sehemu yao katika kazi hiyo. Duka la Assanand la hapa Mombasa lilizirekodi na kuziuza nyimbo za pwani na za bara kwa nembo ya Mzuri, na santuri hizo zilifika mbali kuliko wenyewe walioziimba.

Kwa Juma Bhalo tulilipenda jambo lile lile tulilolipenda kwa Lata. Shairi lilisikika. Vina vilitua mahali pake, na hata mzee aliyekaa mwisho wa ukumbi alitikisa kichwa kwenye kituo cha beti, kwa kuwa hakuna silabi iliyomezwa.

Kabla ya hao wote alikuwako Siti binti Saad wa Unguja. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika nyumba ya kimaskini yenye asili ya utumwa, na alianza maisha kwa kutembeza vyungu alivyofinyanga mama yake. Walikuwapo waliomdhihaki kwa nyimbo, wakamtupia asili yake na sura yake. Lakini mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na alikuwa mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kufanya hivyo. Tufikiri kidogo. Wazee wetu waliivuka bahari ile kuja huku wakiwa na mabunda ya vitambaa. Naye aliivuka kwenda kwetu akiwa na sauti tu. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa maoni yetu kitabu hicho kinastahili kusomwa na kila kijana, awe Mhindi au Mswahili.

Jambo la pili linaloifanya sauti kuwa kuu ni pumzi, na pumzi haipatikani bila ya kazi. Wanamuziki wa Kihindi huyaita mazoezi ya kila siku riyaz. Mwanafunzi huamka kabla ya jua, akaishika noti moja na kuikalia mpaka itulie. Umm Kulthum wa Misri alianza safari yake kwa kujifunza kuisoma Kurani pamoja na baba yake, imamu wa kijiji, na alipokuwa msichana alivishwa nguo za kiume ili aweze kuimba hadharani. Alipokuwa mkubwa wimbo wake mmoja uliweza kuchukua karibu saa nzima. Mstari mmoja aliurudia mara nyingi, na kila mara aliurudia kwa namna nyingine, huku ukumbi mzima ukipiga ukelele wa furaha. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, siku ya tamasha lake redioni, nchi za Waarabu zilisikiliza kwa pamoja. Nguvu ile ilikuwa zao la koo lililofunzwa adabu tangu utotoni.

Wala pumzi si lazima iwe ya kupaza. Huyo Jim Reeves wa karani wetu aliusogelea mno mkrofoni, akashusha sauti kama mtu anenaye na rafiki yake sebuleni. Alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964. Rafi wetu alifariki tarehe 31 Julai 1980. Karani yule na baba yetu walikuwa wakikumbushana tarehe hiyo kila mwaka, na siku hiyo mmoja aliletewa chapati na mwingine aliletewa ndizi mbivu kutoka Taita.

Vijana watatulaumu tusipomtaja Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Naye ni wa kwetu kwa namna yake. Alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi ambaye jina la ukoo wake linatokana na mji wa Bulsar huko Gujarat. Muziki wake una makelele kuliko tunavyoweza kuustahimili sisi wazee, lakini sauti yake iliruka kutoka chini hadi juu bila ya kupoteza njia, na hilo halikatai mtu mwenye masikio.

Sasa tuje kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo gumu. Wako waimbaji wenye sauti zisizokuwa kamili, na hata hivyo ni kuu. Mukesh hakuwa na upana wa Rafi. Sauti yake ilipita kidogo puani, na walioijua kazi waliweza kuzitaja kasoro zake. Lakini alipoimba huzuni, ulijua kwamba mtu huyu hadanganyi. Yeye ndiye aliyetuimbia Ramayana ya Tulsidas katika santuri, na katika nyumba nyingi za Kihindi ndiye aliyewasomea wagonjwa waliokuwa hawawezi tena kushika kitabu. Alifariki mwaka 1976 mjini Detroit, Marekani, akiwa katika safari ya kuimba pamoja na Lata. Mwanawe Nitin ndiye aliyeimalizia hadhira ile nyimbo za baba yake.

Na alikuwako Bi Kidude wa Unguja, Fatuma binti Baraka, mwalimu wa unyago aliyeziimba nyimbo za Siti binti Saad hadi uzee wake. Alifariki mwezi wa Aprili 2013, akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 90. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo kama mlango wa kale wa mbao. Hakuna mwalimu wa muziki ambaye angeipasisha katika mtihani. Lakini alipofungua kinywa, ulimsikia mwanamke aliyeishi kila neno alitamkalo. Tulimsikia sisi wenyewe katika Ngome Kongwe, wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Tulisimama wima tukampigia makofi mpaka viganja vikauma, na wenzetu kadhaa wa kamati ya hekalu hili walikuwa pamoja nasi.

Basi jambo la tatu ni ukweli. Neno litamkwe kwa haki, pumzi ifanyiwe kazi, na moyo usidanganye. Mwenye mambo hayo matatu ana sauti kuu, ajulikane ulimwenguni au asijulikane ng'ambo ya barabara.

Mabibi na mabwana, hapa tungeweza kushukuru na kuketi. Lakini tulisema tuna deni.

Wengi wenu mnamkumbuka marehemu Masi aliyeongoza bhajani na arati ya jioni katika hekalu hili. Jina lake hatulitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe. Sote tulimwita Masi, hata walio wakubwa kuliko yeye. Alifika kila siku kabla ya jua kuchwa, katika sari yake nyeupe ya ujane, akaketi karibu na nguzo ya pili na matoazi yake madogo mapajani. Hakuhitaji kitabu. Bhajani za Narsinh Mehta wa Junagadh na za Mirabai alikuwa nazo kifuani, kama alivyozipokea kwa mama yake kabla hajapanda meli kuja huku. Alianza beti peke yake, nasi tukaipokea. Na kwa namna hiyo, bila ya kujua kwamba tunafundishwa, tulifundishwa.

Miaka ikapita na sauti ya Masi ikachakaa. Juu ilikatika, chini ikatetemeka. Mara nyingine alisimama katikati ya mstari akavuta pumzi, na vijana wakatazamana. Kamati ikakaa, nasi tulikuwa wajumbe. Hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya katika kikao kile. Ilisemwa kwamba wageni wanakuja kutoka Nairobi na kutoka ng'ambo, na kwamba hekalu letu lina jina la kulinda. Mmoja wetu akapendekeza arati ipigwe kwa mashine, kwa sauti ya mwimbaji mashuhuri, safi isiyo na kasoro. Tulipiga kura. Tulinyanyua mkono kwa hiari yetu. Na kwa kuwa sisi tulimjua Masi tangu utoto, sisi ndio tuliotumwa kumwambia.

Tulimwendea nyumbani kwake na boksi la penda. Tukamwambia, "Masi, umetumikia sana. Sasa wakati wako wa kupumzika umefika." Alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Sawa, beta." Akanyamaza, halafu akauliza, "Na Thakorji ataimbiwa na nani?" Tukamjibu, "Kanda ipo, Masi." Aliinamisha kichwa akatukaribisha chai.

Mwezi ule ule, ndugu zetu, ndio tuliokuwa tumerejea kutoka Unguja tulikompigia makofi Bi Kidude. Tulilipa nauli ya ndege na malazi ya hoteli kwenda kuisifu sauti ya bibi kizee iliyochakaa, kisha tukarudi nyumbani tukainyamazisha ya kwetu. Wakati ule hatukuona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Waswahili walikwisha kutuonya zamani: usiache mbachao kwa msala upitao.

Masi aliendelea kuja. Aliketi kwenye nguzo ile ile, matoazi mapajani, asiyapige. Mashine iliimba vizuri sana. Lakini hapakuwa na nafasi ya kupokea beti, kwa kuwa kanda haimngojei mtu. Basi vinywa vikafungwa kimoja baada ya kingine. Vijana wakajifunza kufika arati inapomalizika, wachukue prasad waende zao. Wa kwanza kutuuliza hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mama auzaye viazi karai pale kwenye kona. Jioni moja alitwambia, "Masi wenu ni mgonjwa? Siku hizi simsikii." Tulimjibu kwamba amepumzika. Akasema, "Haya," akaendelea kugeuza viazi vyake. Kumbe kwa miaka yote alikuwa akiwasha jiko kwa sauti ile.

Mwaka wa tatu Masi alituaga. Miezi michache baadaye stima ilipotea katikati ya arati. Jenereta ilikataa kuwaka. Maharaj alikuwa amesimama na taa mkononi, na ibada ikishaanza haikatizwi. Tukaimba. Beti ya kwanza tuliimba sote. Ya pili tuliimba nusu, tukimungunya maneno kama watoto waliosahau somo. Ya tatu ilitushinda. Kwa muda ilisikika kengele peke yake. Ndipo kutoka upande wa wanawake ba wawili, wenye umri wa marehemu, wakaichukua beti wakaenda nayo polepole hadi mwisho, na sisi wanaume wenye maduka na magari tukasimama gizani bila ya neno.

Usiku ule tulirudi nyumbani tukatafuta. Tulitafuta katika kanda za harusi, katika simu, katika picha za sherehe. Hatukupata hata dakika moja ya sauti ya Masi. Tulikuwa tumeihifadhi sauti ya mtu asiyewahi kukanyaga mtaa huu, na ya mtu wetu tukaiacha iende.

Kwa hiyo tukiulizwa ni mwimbaji yupi tunayempenda kuliko wote, tutawataja kwa heshima Lata na Rafi, Siti na Bi Kidude, Umm Kulthum na Mukesh. Lakini jibu la kweli ni Masi. Alikuwa na neno, kwa maana hakukosea silabi. Alikuwa na pumzi, hata ilipokuwa fupi aliigawa kwa akili. Na alikuwa na ukweli. Zaidi ya hayo alikuwa na jambo la nne ambalo hatukulitambua mpaka tulipolikosa: sauti yake ilizifungua sauti nyingine. Mwimbaji wa kwenye santuri hutufanya tumsikilize. Masi alitufanya tuimbe.

Tunajua kwamba kamati imekusanya fedha za kununua vipaza sauti vipya, na kwamba shukrani kwa wafadhili zimechapishwa katika kitabu hiki. Hatupingi. Tunaomba tu mambo manne, na tunayaomba mbele ya wote ili tusiweze kuyasahau.

La kwanza, arati ya jioni iimbwe kwa vinywa vyetu, na vipaza sauti hivyo vipya vibebe sauti za walio hai. Mashine na ibaki kwa siku za dharura.

La pili, sehemu ya fedha hizo impatie kazi mwalimu wa harmoniamu na tabla, kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi huu. Watoto wa mtaa wanaopenda kujifunza ala wakaribishwe, wa dini yoyote. Aliyetuimbia Hari katika Baiju Bawra hakuulizwa anaswali wapi. Ada ya mwalimu kwa mwaka wa kwanza tutailipa sisi.

La tatu, wale ba wawili waliotuokoa gizani wapo hapa usiku huu, na wamekubali kufundisha. Tuwarekodi mwezi huu huu, wakiimba na wakieleza kila bhajani imetoka wapi na huimbwa lini. Tusingoje mwaka ujao.

La nne, mtu yeyote asiambiwe tena katika hekalu hili kwamba sauti yake imezeeka. Ikikatika, tuipokee. Hiyo ndiyo kazi ya wanaoitikia.

Familia ya Masi imeketi katika safu ya mbele. Kwenu tunasema kwa niaba yetu na ya wale tuliopiga kura pamoja nao: tulikosa, na tunaomba radhi. Hatukupata ujasiri wa kumwambia mwenyewe alipokuwa hai, ingawa alitukaribisha chai kila tulipopita mlangoni kwake.

Maharaj anatazama saa, na arati ya usiku imekaribia. Mashine imezimwa, tumeomba hivyo, na mwenyekiti ameridhia. Maneno yamechapishwa katika ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki, kwa Kigujarati na kwa herufi za kawaida, ili majirani wanaotaka kusoma nao waweze. Ba wawili wataanza, nasi tupokee.